Pipa la Chumbani

Pipa liligoma mlangoni. Mama Povu alilivuta kwa ndani, mumewe akalisukuma kwa nje kwa tumbo, na kila mmoja akamlaumu mwenzake kana kwamba yeye ndiye aliyelinenepesha. Lilipoingia hatimaye, lilikuwa limebandua rangi ya mlango pande zote mbili. Wakaliweka kando ya kitanda, upande wa ukutani, mahali ambapo jua halijawahi kufika tangu nyumba ijengwe.

"Sasa hiki ni chumba au kisima?" mume akauliza, huku akijifuta unga shingoni. Alikuwa mwoka mikate. Usiku alikuwa kwenye tanuri, mchana alikuwa kitandani, na unga haukumtoka hata aoge mara ngapi.

"Hapa ni mahali ambapo dada yako haingii," Mama Povu akasema.

Mume akapanda kitandani. Alitaka kulala.

Mama Povu alikuwa dobi, na jina hilo la povu alipewa na watoto wa mtaa waliozoea kumwona mikono imezama kwenye beseni hadi viwikoni. Alifua mashuka ya gesti moja iliyokuwa barabara ya pili. Maji ya bomba yalitoka siku moja kwa wiki, tena kwa kujivuta, na wiki nzima iliyobaki mtu aliishi kwa alichokinga. Kwa hiyo watu wa afya walipopita na kupindua mapipa yake mawili uani, mbele ya macho yake, kwa sababu waliona viluwiluwi vinacheza juu, hawakumwaga maji tu. Walimwaga kazi ya wiki nzima. Mwenye gesti alipoelezwa habari za mbu na homa ya dengi, aliuliza swali moja: mashuka yako wapi?

Bwana afya alikuwa ameeleza vizuri siku ile, tena kwa upole. Mbu wa dengi hataki matope wala mtaro. Anataka maji masafi yaliyotulia, karibu na watu, na anauma mchana kweupe. Pipa lisiwekwe bila mfuniko unaobana. Lisuguliwe kila wiki, kwa sababu mayai yanaganda kwenye kuta zake. Nyumba itakayokutwa na viluwiluwi mara ya pili, jina la mwenyewe litasomwa kwenye gari la matangazo. Mama Povu alisikiliza yote, na katika yote aliyosikia alishika mawili tu: kwamba pipa la uani linamwagwa, na kwamba jina linasomwa.

Mkaguzi wa mtaa wao alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Watu walimwita Bi Tochi, kwa sababu hakuna chombo alichokipita bila kukimulika. Alimulika ndoo, alimulika vyungu vya maua, inasemekana alishawahi kumulika bakuli la mgeni akiwa bado anakula. Alikuwa mkali lakini si mwonevu. Nyumba iliyofaulu aliitia alama ya vyema kwa chaki juu ya mlango, na watu walianza kuionea fahari alama hiyo.

Alipofika kwa kaka yake alikagua kwa haki. Alimulika uani, akamulika jikoni, akainama hata nyuma ya friji. Kisha akafika kwenye pazia la chumbani, akasimama. Mtu mzima mwenye adabu zake haingii chumba anacholala kaka yake na mkewe, na Bi Tochi alikuwa na adabu zake.

"Wifi, huko ndani hakuna chombo cha maji?"

"Kuna kitanda tu na kaka yako anakoroma. Huyo naye umuweke chaki?"

Wakacheka. Bi Tochi alibaki pale penye pazia kwa muda, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Halafu akatoka nje, akavuta kiti, akapanda, akaandika alama yake juu ya mlango. Mama Povu alimshikia kiti.

*

Bi Tochi alikuwa na binti mdogo, hajaanza shule, aliyeitwa Kasuku kwa sababu hakunyamaza. Tangu mama yake apate kazi ya ukaguzi, Kasuku alishinda kwa mjomba wake. Aliuliza kwa nini povu halizami, kwa nini mjomba analala kama kuku wa mchana, kwa nini anti ana vidole vya kizee na uso wa kijana. Mama Povu, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, alimjibu yote. Jua likiwa kali alimpeleka chumbani, akamlaza karibu na mjomba wake, akarudi kwenye beseni.

Pipa lilikuwa limefunikwa ubao, na juu ya ubao kulitandikwa shuka la maua. Mgeni angedhani ni meza. Lakini dobi huchota siku nzima, na mtu anayechota siku nzima hafuniki kila mara. Ubao wenyewe ulikuwa na ufa unaopitisha kidole. Chandarua nacho kilikuwa kimefungwa fundo juu ya kitanda tangu alfajiri, kwa kuwa wote wawili walilelewa wakijua kwamba mbu ni mtu wa usiku.

"Mbu wa humu hawana adabu," mume alilalamika. "Wananiuma saa ya mchana, tena vifundoni."

"Ni matairi ya Mzee Pancha hayo," Mama Povu akasema. "Karakana yake ndiyo kiwanda chao."

Alilisema hilo kirahisi, jinsi mtu anavyolaumu hali ya hewa. Muda si mrefu mumewe akashikwa na homa na maumivu ya viungo yaliyomfanya atembee kama mzee. Akasema ni kukanda unga. Akameza vidonge vya maumivu, akajikokota kazini, akapona, wakasahau.

Halafu Kasuku akanyamaza.

Ilianza kwa joto. Siku ya kwanza walisema ni jua, siku iliyofuata wakasema ni meno ya nyuma. Mtoto alishika kichwa, akasema macho yanamuuma kwa ndani. Bi Tochi alimpa dawa ya homa na kumpanguza kwa kitambaa, na joto liliposhuka kila mtu akashukuru. Kumbe joto liliposhuka ndipo hatari ilipoingia. Mtoto alilegea, akaanza kutapika, tumbo likamuuma, na asubuhi fizi zake zilikuwa zinatoa damu. Bi Tochi alimbeba mgongoni akakimbia, naye Mama Povu akakimbia nyuma yake akiwa bado na sabuni mikononi.

Daktari alikuwa msichana mwenye sauti ndogo. Aliweka dripu, akaagiza damu ipimwe, akasema ni dengi na kwamba usiku ule ndio ungeamua. Kisha akauliza swali lake kwa upole kabisa.

"Mchana mtoto anashinda wapi?"

"Kwa kaka yangu," Bi Tochi akajibu. "Nyumba ile nimeikagua mwenyewe, daktari. Mimi ndiye mkaguzi wa mtaa. Haina hata tone." Akamgeukia mwenzake. "Si ndiyo, wifi?"

Mama Povu alikuwa ameshika mguu wa mtoto chini ya shuka. Mguu ulikuwa wa baridi, na juu ya kifundo kulikuwa na vipele vidogo vya kuumwa, vipya na vya zamani, vimejipanga. Alivijua. Alikuwa amevipaka mafuta mwenyewe.

"Ndiyo," akasema.

*

Alirudi nyumbani kuchukua nguo za mtoto. Mume alikuwa amelala. Mama Povu alitoa shuka la maua, akaondoa ubao, akawasha taa ya simu. Maji yalikuwa masafi hata akaona kutu ya chini. Na katikati ya usafi ule, viluwiluwi vilijinyonganyonga vikikimbia mwanga, vingi, vyenye afya, kama vilivyolelewa.

Alikaa kitandani. Aliona aibu kabla ya kuona huzuni, na hilo nalo likamtia aibu. Kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa mtoto. Ilikuwa sauti ya gari la matangazo ikisoma jina lake.

Akaanza kuchota. Alibeba ndoo baada ya ndoo hadi chooni, akimwaga polepole yasisikike. Mume akaamka, akamwona.

"Unamwaga maji? Bomba halijatoka."

"Angalia humu."

Akaangalia. Akajikuna kifundo cha mguu bila kujua kwamba anajikuna, kisha akaacha.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mimi na wewe."

"Basi funika kombe mwanaharamu apite." Alisema akitazama ukuta. "Mtoto akipona, yamekwisha. Asipopona..." Hakumalizia. "Ni dada yangu, mke wangu. Utamwambia nini? Utaanzia wapi?"

Wakalisugua pipa wote wawili, kwa brashi ya mashuka, bila kusemezana. Walipolitoa nje halikugoma mlangoni safari hii.

*

Kesho yake Bi Tochi alimwacha mtoto na muuguzi kwa muda mfupi, akaja mtaani na bwana afya na lori. Hakuwa amelala. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Mzee Pancha.

Mzee Pancha alikuwa akiziba matairi pale tangu barabara ile ikiwa ya vumbi. Kila tairi kuukuu alilitoboa tundu kwa chini ili mvua ipite, na beseni la maji la kutafutia pancha alilimwaga kila jioni. Aliwaonyesha matundu, moja baada ya jingine, akiyageuza matairi kwa mikono yake myeusi. Watu walishajaa. Madereva wa pikipiki walishuka, wauza duka wakatoka, na waliofungwa na kazi wakachungulia madirishani.

"Hatujaona kitu," bwana afya akasema kwa sauti ya chini.

"Hamjaona kwa sababu amemwaga," Bi Tochi akasema, na sauti yake haikuwa ya chini. "Mtoto wangu anatoka damu kinywani. Anashinda nyumba ya tatu kutoka hapa, na nyumba ile ni safi. Mbu wametoka wapi, mbinguni?"

"Mwanangu," Mzee Pancha akasema, "pole sana. Lakini mimi natoboa..."

"Wifi." Bi Tochi alikuwa amemwona kwenye kundi, karibu na nguzo ya umeme. "Wewe ni jirani yake, unashinda hapa. Waambie watu mbu wanatoka wapi."

Njia ilifunguka mbele yake. Mama Povu alitazama uso wa wifi yake, uliokonda kwa usiku mmoja, akatazama macho ya watu. Angeweza kusema sijui. Baadaye, kila alipojihukumu, alirudi hapo: neno sijui lilikuwepo, jepesi, na lisingemuua mtu.

"Wanatoka hapa," akasema, kwa sauti iliyosikika vizuri. "Siku zote wametoka hapa."

Mtu akapiga mluzi. Mwingine akasema mzee huyu kumbe anatumaliza taratibu. Bwana afya, akiona watu wamechemka, akasema tairi ni tairi, yaondolewe tu. Vijana waliyatupa kwenye lori bila kuambiwa mara mbili, pamoja na yale manne mazima ambayo mzee alikuwa ameyaweka ya kuuza. Mzee Pancha hakupigana. Alisimama kando na pampu yake, akimwangalia Mama Povu kwa mshangao, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimkosea nini.

*

Mtoto alikuwa amevuka usiku ule wa kwanza, akavuka na uliofuata. Damu ikakoma. Siku moja akafungua macho akauliza kwa nini maji yanapita kwenye kamba badala ya kikombe, na Bi Tochi akatoka nje ya wodi kwenda kulia.

Alikuwa bado huko nje Mzee Pancha alipoingia. Alikuwa amevaa shati la kutokea, lililofungwa hadi kifungo cha juu, na amebeba machungwa kwenye mfuko. Alibisha hodi ingawa wodi haikuwa na mlango. Mama Povu akainuka. Hakujua pa kuweka mikono.

"Kaa, mama, kaa," mzee akasema. "Sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kumwona mgonjwa na kuomba radhi."

"Radhi ya nini, mzee?"

"Nimefikiri sana. Silali. Matairi nayatoboa, hilo Mungu anajua, lakini mtu huzeeka. Huenda kuna moja lilinipita. Kulikuwa na lile la trekta nililolilaza nyuma. Silikumbuki vizuri kama nililitoboa." Alikuwa akisema huku akimtazama mtoto. "Wewe usingesema vile bure. Wewe si mtu wa maneno. Nikajiambia, basi ndiyo."

Kasuku akamuuliza kwa nini mikono yake ni myeusi na hapo ndani ni myeupe. Mzee akacheka, akamwambia mpira ukikupenda hautoki. Akamenya chungwa kwa kidole gumba, akampa mtoto, akampa na Mama Povu. Mama Povu aliweka kipande mdomoni. Kikakaa pale. Alijua kwamba hapo ndipo pa kusema, na aliona ulimi wake umelala kama wa mtu mwingine. Mzee alipoaga alimshukuru. Alimshukuru kwa kumuuguza mtoto.

Mama Povu alimfuata Bi Tochi kwenye korido.

"Wifi," akasema, "kuna jambo. Chumbani kwangu..."

"Usiseme."

"Lazima uniache niseme."

"Nimesema usiseme." Bi Tochi alikuwa ameegemea ukuta, macho yamevimba. "Siku ile pale kwenye pazia nilisikia harufu. Nyumba yako hunuka sabuni. Siku ile ilinuka maji yaliyolala. Kazi yangu ni hiyo, wifi, siwezi kukosea. Nikajiambia ni chumba cha kaka, nikajiambia wewe huwezi kunidanganya. Nikapanda kiti nikaweka chaki. Halafu nikaenda kumpigia kelele mzee wa watu, kwa sababu mtu akipiga kelele hasikii vingine."

Wakasimama. Muuguzi akapita na toroli, wakampisha.

"Wakijua, kazi sina," Bi Tochi akasema.

"Najua."

"Na kaka yangu atatembeaje mtaani?"

"Sijui, wifi."

Bi Tochi alimtazama muda mrefu. Hakumkataza. Hakumruhusu pia. Alirudi kwa mwanawe, na Mama Povu akabaki koridoni na ladha ya chungwa mdomoni, akijisikia mdogo kuliko alivyowahi kujisikia mbele ya mwenye gesti au mbele ya mtu yeyote.

*

Nyumbani hakupitia. Alijua akipitia mumewe atamkalisha chini, atamwambia mtoto amepona, na yeye atakubali, maana alitaka sana kukubali.

Karakana ilikuwa imebaki uwanja mtupu. Palipokuwa na matairi palikuwa na miduara mikavu kwenye vumbi. Mzee Pancha alikuwa amechutama akijaza upepo pikipiki, na madereva wengine walisubiri zamu yao, wakipiga soga. Barabara ilikuwa na watu, kama kawaida ya saa ile ya kutoka kazini. Mama Povu akasogea karibu sana, akainama kama mtu anayetaka kuuliza bei.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Si matairi yako. Ni mimi. Nilikuwa na pipa chumbani, nimelificha. Mtoto alikuwa analala pale. Viluwiluwi nimeviona kwa macho yangu, nikavimwaga kabla hawajaja kwako. Nilikusingizia."

Pampu ikaendelea kupanda na kushuka. Mzee aliangalia gurudumu hadi likajaa. Akalibonyeza kwa kidole gumba, akafunga kifuniko cha valvu, akampa mwenye pikipiki ishara kwamba tayari. Ndipo akainuka, polepole, akishika kiuno.

"Lile la trekta nilikwenda kulitafuta dampo," akasema. "Nimelifukua. Lina tundu."

"Nisamehe, mzee."

"Nitakusamehe, mama. Mimi si mtu wa kuweka vitu moyoni." Alijifuta mikono kwa tambara, kidole baada ya kidole. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo Mama Povu alishindwa kulistahimili. "Lakini siku ile ulisema mtaa mzima ukasikia. Leo nimesikia peke yangu."

Madereva walikuwa wameacha soga. Walikuwa wakiwaangalia wao wawili, wakiwa wamenusa kwamba kuna neno. Mama Povu akageuka kuwatazama. Aliwajua karibu wote. Mashati ya baadhi yao alishayafua.

"Pipa lilikuwa chumbani kwangu," akasema. "Mbu walitoka kwangu. Mzee huyu nilimsingizia."

Dereva mmoja akazima pikipiki yake. Kisha kutoka ng'ambo ya barabara, mbele ya duka, mwanamke mmoja aliyekuwa na mfuko kichwani akapaza sauti kumuuliza mwenzake, "Amesemaje?"

Mama Povu akavuta pumzi, akarudia.